Kofia ya mume aliyeondoka bado iko kwenye picha zangu

Msomaji wetu wa Dar es Salaam ameomba jina lake lisitajwe. Barua yake tumeifupisha kidogo tu.

Assalamu alaykum mama, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga, naishi Mbagala. Nauza madera, vijora na mitandio. Sina fremu, duka langu ni simu. Mzigo nachukua Kariakoo, naupiga picha nyumbani, naweka Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp. Wateja wa hapa mjini wanapelekewa na bodaboda, wa mikoani nawatumia kwa basi. Nilianza mwaka 2019 na madera sita ya mkopo. Leo nina wafuasi 23,000 na ushee, na ndiyo kazi inayolipa kodi ya nyumba na kumsomesha mwanangu.

Mama, ukurasa wangu ulikua kwa sababu ya ndoa yangu. Mwanzo nilikuwa naweka nguo zimening'inia kwenye kamba, nauza mbili kwa wiki. Siku moja nikaweka picha mimi na mume wangu tunakwenda harusini, dera langu na shati lake kitambaa kimoja. Simu haikutulia siku mbili. Kuanzia hapo nikawa naonyesha nyumba yangu: chai na vitumbua asubuhi, futari, Idi, yeye amekaa mkekani na kofia yake ya viua, binti yetu katikati. Wateja wakanibatiza Mama Ndoa. Wakawa wananiuliza siri ya kukaa na mume, nami nikawa najibu.

Novemba mwaka jana mume wangu aliniacha. Talaka moja, kwa maandishi, kaka yangu akiwepo. Hatukugombana mbele za watu. Alikuwa ameshaoa kwingine, na kusema kweli nyumba ilikuwa imepoa muda mrefu kabla ya karatasi. Matumizi ya mtoto analeta, simsemi vibaya. Nilikaa eda mpaka ikaisha, hakunirejea. Na ndani ya eda hiyo hiyo, mama, niliendelea kuweka picha zake, zile za zamani. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na madera ya Idi ndiyo nguzo ya mwaka wangu. Nikajiambia nikisema sasa nitaiua biashara, acha msimu upite kwanza. Wanaojua ni mama yangu, kaka yangu na rafiki yangu mmoja.

Siku ya Idi nilipika pilau, nikatandika mkeka, nikapanga sahani tatu. Kofia yake moja aliisahau juu ya kabati. Niliishusha nikaiweka pembeni ya mkeka, kama mtu ameivua akaenda kunawa mikono. Nikapiga picha. Binti yangu ana miaka 11, alikuwa amepeleka sahani ya pilau kwa jirani. Aliporudi akaiona kofia. Akazitupa kandambili mlangoni, akakimbilia chumbani, akatoka akaenda uani, akarudi anahema. "Mama, baba yuko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Akaitazama simu mkononi mwangu, akaitazama kofia, akaiokota akaondoka nayo. Mpaka leo sijui ameiweka wapi. Tangu siku hiyo hataki kupigwa picha. Nikiinua simu anajifunika uso kwa daftari.

Picha ile ndiyo iliyopata laiki nyingi kuliko zote za mwaka huu.

Kuna dada mmoja wa Mwanza, hatujawahi kuonana. Aliniandikia inboksi kwamba mumewe anampiga, alikuwa amefunga mizigo arudi kwao, akaona picha zetu za Idi akaamua kuvumilia, huenda na wake akabadilika. Nikamjibu, "Subira huvuta heri, dada." Nilimwandikia hivyo nimelala peke yangu kitanda cha futi sita. Nikikumbuka natamani kuitupa simu.

Halafu wiki iliyopita baba wa mtoto amenipigia. Mke wake anaziona picha. Ameniambia hadi mwisho wa mwezi niwe nimezitoa zote, la sivyo ataufunga ukurasa. Na anaweza, kwa sababu ulifunguliwa kwa namba yake.

Mama yangu ananiambia, "Sitiri nyumba yako mwanangu." Rafiki yangu anasema niende laivu nilie, nimwage yote, watu watanihurumia na biashara itapanda. Nikisema, nitaonekana tapeli. Nisiposema, kila siku nazidi kuwa mtu nisiyemjua. Yule wa kwenye simu ana mume, anacheka, anashauri watu. Mimi wa huku nakula ukoko wa wali nimesimama jikoni. Mama, mimi ni yupi kati ya hao wawili?

Mwanao, Mama wa Madera.

MSHAURI ANAJIBU

Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale kandambili zinapotupwa mlangoni. Pole sana. Pole ya kuachwa, maana katika shughuli zote hizi za kupiga picha sioni mahali ulipopata nafasi ya kupewa pole kama wanawake wengine wanavyopewa.

Nikuambie nilivyokuelewa, nikikosea uniandikie. Una biashara iliyosimama juu ya picha ya ndoa. Ndoa imekwisha, picha imebaki, na sasa unailisha kila siku ili isife. Mtalaka wako anataka sura yake. Mama anataka usitiri, rafiki anataka uanike. Binti yako hajasema anataka nini, amejifunika daftari tu. Katikati yao umesimama wewe unauliza wewe ni nani.

Tuanzie hapo kwenye nani, kwa sababu ndipo penye uchungu zaidi. Umejigawa wawili, yule wa simu ni muongo na yule wa jikoni ndiye wa kweli. Mimi sina hakika. Yule mwanamke aliyekaanga vitumbua mwaka 2020 akampigia mumewe picha alikuwa anapika kweli, na alikuwa anampenda kweli. Talaka haigeuzi miaka yako saba ya nyuma kuwa utapeli. Hata yule anayechagua rangi za mitandio, anayejua dera lipi litamkaa mama mnene na lipi litambana, ni wewe huyo huyo, usiku na mchana. Kilichobadilika ni kitu kimoja: picha ya zamani ilianza kutumika kama habari ya leo. Ukiziangalia moja moja, nadhani utaona ambazo unaweza kuzitazama moyo ukatulia na ambazo zinakuchoma. Nahisi hazitakuwa nyingi hizo za kuchoma, na ya kofia itakuwa ya kwanza.

Kujipamba mbele ya kamera hamkukuanza ninyi wa simu. Pale Likoni, karibu na feri ya Mombasa, miaka ya 1990 kulikuwa na vibanda vya wapiga picha wenye mapazia ya kuchora, meli kubwa, ndege, majumba. Kijana aliyeshuka jana kutoka bara kutafuta kibarua alisimama mbele ya ndege ya rangi, akapigwa picha, akaituma kwao. Mama yangu mwenyewe ana picha ya studio ameshika mkoba mweusi wa ngozi. Mkoba ulikuwa wa studio. Picha ile ilikaa ukutani kwetu miaka mingi na hakuna aliyemwita muongo, kwa sababu kila aliyeitazama alikuwa ameketi sebuleni kwetu, anamwona mama mwenyewe na mkoba wake wa ukindu. Picha na mwenye picha walikuwa chumba kimoja. Yako inasafiri bila wewe. Inaingia Mwanza saa tano usiku kwenye chumba cha mwanamke aliyevimba jicho, na wewe haupo pale kumwambia kuwa kofia ile haina mwenyewe.

Sasa neno la mama yako. Nalijua, nimelelewa nalo. Kusitiri ni jambo la heshima, na nisingependa uone kama mama anakusukuma kwenye uongo. Lakini hebu tulitazame vizuri. Nyumba zetu za pwani zina baraza mbele na ua nyuma. Mgeni anakomea barazani, hakuna anayemlaumu mwenye nyumba kwa kutomkaribisha uani wanakofua na kulia. Kufunga mlango wa uani ni sitara. Ulichofanya siku ya Idi ni kingine: ulimweka barazani mtu asiyekuwepo. Sidhani mama yako alimaanisha hivyo. Ungemuuliza, kwa upole, alikuwa na maana gani aliposema usitiri? Huenda anataka tu usimwage aibu za baba wa mtoto mbele ya watu, na hilo unaweza kulitimiza bila kofia.

Ndiyo maana laivu ya kulia inanitia wasiwasi. Rafiki yako anakutakia mema, na hajakosea kwamba watu watajaa. Watajaa siku tatu. Halafu watataka sehemu ya pili, wataanza kumtafuta mke mwenzio ni nani, watachukua vipande waviweke kwenye kurasa zao. Chozi likishatoka kwenye simu yako si lako tena. Na binti yako ana wenzake darasani, ambao nao wana dada zao na simu zao. Kama moyo wako unataka kusema yote, ni haki yako, lakini ujiulize kwanza unataka kuwaambia watu 23,000 au unataka kumwambia mtu mmoja akusikilize mpaka mwisho.

Nina swali jingine, la biashara. Umeandika kwa uhakika kwamba wateja wananunua ndoa yako. Umewahi kulipima hilo? Fungua meseji za mwezi mmoja uliopita, zile za wateja waliolipa kweli, si wa kuchekea picha. Walikuuliza nini? Naweza kukisia: hili bei gani, lipo la kijani, linatosha mtu wa kilo tisini, Dodoma mzigo unafika lini. Mume aliwaleta mlangoni, hilo nakubali. Inawezekana kilichowabakiza ni kwamba nguo haichuji na mzigo unafika. Inawezekana pia nimekosea, na baadhi wataondoka. Wewe ndiye mwenye daftari la mauzo, mimi nakuomba ulisome upya ukiwa na swali hilo kichwani.

Njia zilizo mbele yako naziona hivi, na kila moja ina bei yake. Unaweza kunyamaza na kuhama polepole: picha zake unaziondoa, unaweka nguo, mikono yako, kitambaa kikipepea, sauti yako ikieleza mshono. Instagram inakuruhusu kuzihifadhi picha zisionekane na mtu mwingine bila kuzifuta, kwa hiyo historia ya mtoto na baba yake haipotei. Njia hii ina utulivu, lakini wapo watakaoona na watauliza, na utahitaji jibu ulilolitayarisha moyo ukiwa baridi, kwa sababu ukishtukizwa saa nne usiku utajikuta umesema "yupo safari", na kamba inaanza kusokotwa upya. Unaweza pia kusema kwa mistari miwili: kwamba wewe na baba wa mtoto mmeachana kwa wema, kwamba hutalizungumzia zaidi, na mzigo mpya unaingia Alhamisi. Sehemu ya maoni kwenye chapisho hilo unaweza kuifunga. Utatukanwa kidogo, usidanganyike kwamba hutatukanwa. Au unaweza kufungua ukurasa mpya wenye jina lako na kuanza upya, jambo linalovutia ukiwa umechoka, ila wafuasi hawahami kama kuku wa kienyeji wakiitwa kwa mtama, na kodi ya nyumba haisubiri.

Kuendelea kama ulivyo nako ni njia, siwezi kujifanya haipo. Lakini umeshaniambia mwenyewe inakugharimu nini.

Ama mtalaka wako, nadhani mambo mawili yamekuchanganyikia. Kutaka sura yake isitumike kuuzia madera ni ombi la haki. Hata kama ingekuwa wewe, ungetaka hivyo. Kuufunga ukurasa ni habari nyingine kabisa, hiyo ni riziki yako uliyoitolea jasho. Kabla ya mwisho wa mwezi, na kabla ya maneno hayajawa makali, muombeni kaka yako aliyeshuhudia talaka asimamie mazungumzo: wewe picha unaziondoa, yeye anapokea zile namba za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu yake na kukusomea, ili ukurasa uhamie kwenye namba yako na barua pepe yako, na nywila ibadilishwe siku hiyo hiyo mkiwa pamoja. Ni kazi ya dakika chache mkiwa na amani, ni kazi ngumu sana mkiwa na ugomvi. Akikataa, usiogope kwamba huna pa kusimamia. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, mahakama zetu zinakubali kwamba hata kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sembuse wewe uliyekuwa unabeba mabegi Kariakoo. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, wanatoa msaada wa kisheria, uwaeleze kisa chote wakupe ushauri wa mwanasheria, maana mimi si mwanasheria.

Dada wa Mwanza.

Hapa sitakuzungushia, kwa sababu na wewe hukujizungushia. Hukumpiga wewe, na hukumzuia kuondoka kwa mikono yako. Lakini alikuja kwako amefunga mizigo, na ulimpa methali. Nadhani unalijua hilo na ndilo linalokufanya utake kuitupa simu. Bado una meseji yake. Huna deni la kumsimulia maisha yako. Unaweza kumwandikia tu kwamba neno lile la subira ulilitoa bila kufikiri, kwamba subira haikuumbwa kwa ajili ya kipigo, na kwamba vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto anakoweza kwenda. Uangalie saa ya kutuma na namna ya kuandika, mwanamume anayepiga huwa anashika na simu. Anza kwa salamu ya biashara, uone anajibu yeye au mwingine. Huenda hatajibu. Huenda amekwishaondoka. Huenda atakukasirikia, na itabidi uibebe.

Nimemwacha binti yako mwisho kwa sababu ndiye ninayemfikiria zaidi. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inasema mtoto anayeweza kuwa na maoni asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Lile daftari usoni ni maoni. Aliwahi kuulizwa hata siku moja, tangu alipokuwa na miaka mitano, kama anataka kuonekana? Sikuulizi ili ujilaumu, wengi wetu hatukuuliza. Lakini yeye ndiye pekee aliyekuwa uani na barazani kwa wakati mmoja, aliyeiona pilau ikipikwa na akaikuta imeshapigwa picha, na kwa dakika moja aliiamini kofia kuliko alichokijua mwenyewe. Ile mbio yake ya chumbani na uani, sidhani kuna mtu amezungumza naye juu yake mpaka leo.

Jioni moja uiache simu kwa jirani kabisa, asiione hata imelala kifudifudi. Mkae, mle. Mwambie siku ya Idi ulifanya nini na kwa nini, kwa maneno yake ya miaka 11, na umwombe radhi. Halafu unaweza kumuuliza kofia iko wapi. Usimwambie airudishe. Muulize tu, umsikilize atakavyoeleza kwa nini aliiweka hapo alipoiweka.

Ukishaongea naye niandikie, hata mistari mitatu. Nitakuwa naisubiri.

Mama yako, mshauri.